Choo cha Baba Mkwe, Nyakisasa

Dada Tekla, shikamoo.

Mvua ya jioni hii hainiruhusu kutoka, na hasira hainiruhusu kukaa. Nimefikia kwa Mzee Filipo, katika kijiji kipya cha ujamaa: nyumba zimepangwa mstari, na kila nyumba ina choo kimoja kama ilivyoagizwa. Leo asubuhi mjukuu wake Jenista, wa miaka mitatu, alitapika mnyoo mrefu kama kamba ya kiatu. Tumbo limevimba, miguu ni vijiti. Nikamkaripia mama yake: kwa nini mnakwenda migombani na choo kipo?

Akainama. "Kile ni cha baba mkwe, bwana. Mimi siwezi kuingia anapoingia yeye."

Kumbe ndiyo mila yao. Basi uchafu hubaki migombani, na mvua huurudisha uani anapocheza mtoto.

Nikamgeukia Mzee Filipo kwa hotuba ndefu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ndugu mgeni, kule tulikotolewa tulikuwa na vyoo viwili. Aliyetupimia viwanja hapa hakuuliza. Wewe umeuliza, lakini baada ya kugomba. Jembe lile pale."

Tumechimba pamoja shimo la pili. Viganja vimechubuka, nisamehe mwandiko. Lakini shimo haliondoi minyoo iliyomo tumboni, na zahanati ya hapa imeishiwa dawa. Kesho nadandia lori la kwanza kwenda Ngara mjini kuitafuta.

Wakumbatie wanao kwa niaba yangu, nawe ubaki salama. Mwombee Jenista. Tangu mchana amekataa hata uji.

Mdogo wako,
Anselmi