Sema Chochote Nipime Sauti

4 Februari

Binti yangu,

Hujambo huko? Sisi hatujambo, kwa kiasi cha watu wa umri wetu. Kidonda cha shingoni kimefunga, daktari ameridhika, na sasa nameza uji bila kukunja uso. Mama yako ile presha ya macho imemwachia mwanga wa dirishani tu. Anajua kama ni mchana, na anajua nikisimama mbele ya dirisha, basi.

Usinicheke kwa kuandika kwa kalamu. Ile simu uliyotuletea ni kipande cha kioo. Kidole changu kimoja kinabonyeza herufi tatu. Mama yako ndiyo kabisa, anaipapasa pande zote akitafuta pa kuanzia, wakati ile ya zamani yenye vitufe alikuwa anapiga huku anakoroga mboga. Sijui nani aliwaambia watengeneza simu kwamba vidole vina macho.

Nikueleze hali ya nyumba. Tangu waliponitoa ile sehemu ya koo inayotoa sauti, mimi sisemi, na mama yako haoni ninachoandika. Tumejaribu kugonga meza: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Mwanzoni tulicheka. Sasa amechoka, anasema anajiona kama anauhoji mlango. Juzi aliongea peke yake asubuhi nzima, kisha akanyamaza, akauliza kama nimo chumbani. Nilikuwa nimekaa karibu yake. Nikagonga mara moja. Akalia.

Mama yako mkubwa amemwambia ahamie kwake, kwenye watu wanaoongea. Mama yako hajakubali, lakini hajakataa pia. Begi lake limeshushwa kutoka juu ya kabati, liko sakafuni. Simlaumu. Redio tunawasha, ila watangazaji wa siku hizi wanachekeshana wao kwa wao na sisi wasikilizaji tunabaki kama tumefumania kikao cha watu.

Wewe ndiye mtu wa mitambo katika ukoo huu. Kama kuna kitu, niambie. Kama hakuna, niambie pia, nijue moja.

Baba yako


19 Februari

Baba,

Shikamoo. Na Mama mwamkie kwa niaba yangu, mshike mkono tu ataelewa. Mimi mzima, ila miguu. Kaunta yetu ya matengenezo ina kiti cha mteja, cha fundi hakuna, kwa hiyo nashinda nimesimama. Televisheni za sasa ni nyembamba kama sinia na spika zake zimetazama ukutani. Mteja analalamika hasikii, tunamuuzia spika ya pembeni, anaondoka akishukuru. Wiki hii nimeletewa birika la umeme linalotaka neno la siri. Mwenye nalo alikuwa amelisahau, hajanywa chai siku kadhaa. Nikamwambia anunue sufuria. Bosi hakupendezwa. Na zile spika za masikioni zisizo na waya ndizo sizitaki hata kuziona, kila siku mtu anakuja na moja mkononi, mwenzake kaangukia chooni. Waya ulikuwa na kazi yake.

Sasa sikiliza. Kipo kitu, na hiki nakisifia kwa moyo wote. Kuna programu inayojifunza sauti ya mtu. Unaipa rekodi zake, nyingi kadiri unavyoweza, halafu unaandika neno lolote nayo inalitamka kwa sauti yake mwenyewe. Waliopoteza sauti wengi hawana rekodi za kutosha. Wewe una maktaba nzima. Nimewaandikia kituo chako cha zamani cha redio, na yule fundi mitambo wenu bado yupo kazini. Amenitumia taarifa zako za habari, matangazo yako, kila kilichobaki kwenye kanda zao.

Kila nikitoka kazini nimekuwa nikizisafisha. Nimekata vikohozi, pumzi, makaratasi yakigeuzwa, maneno ya kabla na ya baada. Umebaki wewe tu, safi kabisa. Nakutumia tableti pamoja na kibodi yenye vitufe vya kweli, ili vidole vyako visilalamike. Unaandika, unabonyeza, inasema.

Mwambie Mama asihame kwanza.

Binti yako


2 Aprili

Binti yangu,

Salamu nyingi, na pole ya miguu. Sisi tunaendelea. Kimya changu kimetokana na kutojua nianzie wapi.

Kwanza, hongera. Ni mimi mtupu. Nilipoijaribu chumbani peke yangu nilijikuta nimesimama wima na kufunga kifungo cha juu cha shati. Ndiyo sauti niliyosomea habari tangu hujazaliwa.

Nikasubiri mama yako aketi kwa chai. Nikaandika, "Bibie, chai yako inapoa." Unajua nimemwita bibie tangu tuoane. Nikabonyeza. Mwanangu, ikatoka taarifa ya habari ya saa mbili usiku. "Bibie. Chai yako. Inapoa." Kikombe kikamponyoka. Akauliza, "Nani amekufa?"

Unakumbuka kwamba baada ya habari nilikuwa nasoma matangazo ya vifo. Watu walikuwa wakiisikia sauti ile wanapunguza moto jikoni wasikilize ni wa kwao au si wa kwao. Sauti hiyo ndiyo uliyotuletea sebuleni.

Sikukata tamaa mapema. Nikaandika kwamba kuna mchwa kwenye fremu ya mlango, ikatangazwa kama vile serikali imepinduliwa. Nikaandika utani wetu wa zamani kuhusu mapishi yake, ukasomwa kwa masikitiko makubwa. Watoto wa jirani waliokuja kuomba maji walisimama kimya kwenye korido mpaka ikamaliza. Mwishowe mama yako akaniambia kwa upole, "Mwambie huyo bwana anyamaze. Huyo mimi sikuwahi kuishi naye. Yeye alikuwa anabaki kazini, wewe ndiye uliyekuwa unarudi."

Tableti iko kabatini chini ya mashuka. Usijilaumu. Begi bado liko sakafuni, na sasa lina nguo ndani.

Baba yako


11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea kaunta, nimesimama kama kawaida. Kwenye mchwa nikacheka. Kwenye maneno ya Mama nikaenda chooni nikalia, nikarudi kufungua simu ya mtu iliyoingia maji.

Nimechoka, Baba, sitakuficha. Vifaa vingi ninavyovisifia mwisho wake ndio huu, vinafanya vizuri sana jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Na programu haina kosa. Imejifunza ilichopewa, na nilichoipa mimi ni mtu anayesoma karatasi.

Nimejipekua kwangu pia. Ujumbe wa sauti ulikuwa hutumi, ulisema ni redio ya wavivu. Kwenye video ya harusi ya kaka muziki umekufunika, unaonekana unatafuna tu. Tuna saa chungu nzima zako ukisema "na sasa habari kwa ukamilifu," na hatuna hata mara moja ukisema "nipe chumvi."

Hebu fikiria. Kuna popote uliponaswa ukiongea tu kama mtu? Mahojiano, kikao, sherehe ya kazini? Muulize na Mama. Begi asilifunge zipu.

Binti yako


30 Aprili

Mwanangu,

Hujambo. Sisi wazima, tunashukuru.

Hakuna. Kwenye mahojiano mimi nilikuwa nauliza, sijibu. Kwenye sherehe za kazini nilikuwa mshereheshaji, sauti ile ile. Hata misibani watu walitaka niseme kama redio, nami nikawapa walichotaka. Nilidhani ile ya nyumbani haina haja ya kutunzwa kwa kuwa ipo kila siku.

Mama yako mkubwa atakuja kumchukua mwezi wa nane, gari la mwanawe likipatikana. Mama yako aliniuliza kama nimeridhia. Nikagonga mara moja. Ulikuwa uongo, lakini meza haina namna ya kusema zaidi ya hapo.

Jana nilimkumbuka yule fundi mitambo nikacheka bila sauti. Kabla ya kusoma alikuwa ananiambia kutoka upande wa pili wa kioo cha studio, "Sema chochote nipime sauti." Wenzangu walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu. Mimi kuhesabu kila siku kulinichosha, nikawa namwambia tu lolote nililotoka nalo nyumbani. Bomba linavuja. Bibie kaninunia. Nimechoka mimi leo. Akicheka ndipo najua mitambo iko sawa. Kisha taa nyekundu inawaka na yule bwana anaingia. Ila hayo hayakuwa yanakwenda hewani, kwa hiyo ndiyo yamepotea.

Usihangaike tena. Pumzisha miguu.

Baba yako


20 Julai

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Natumaini barua hii na mzigo wake vinamkuta Mama bado yupo nyumbani.

Hayakupotea. Hayakwenda hewani, lakini yaliingia kwenye kanda, kwa sababu fundi wenu alikuwa anawasha mtambo wa kurekodi kabla ya kukupima. Aliyeyakata ni mimi. Yale niliyokuambia nimesafisha, maneno ya kabla na ya baada, ndiyo hayo. Niliyaona uchafu. Nilivyosoma barua yako niliiacha kazi ya mteja nikakimbilia kompyuta yangu. Bahati kanda zenyewe, kama zilivyokuja, sikuzifuta.

Nimezisikiliza zote upya. Uko pale mwanzoni, sekunde chache chache, kabla hujakohoa na kugeuka yule bwana. Siku moja unalalamika viatu vipya vinakubana. Siku nyingine unasema binti yako kafungua saa ya ukutani na ameshindwa kuirudishia, na Baba, unasema hivyo kwa majivuno. Hiyo nimeirudia mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji.

Nikaipa programu maneno hayo. Ni machache mno tena yana mkwaruzo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mlevi. Nikajaribu programu nyingine, kompyuta nyingine, miezi ikaenda. Halafu kuna babu mmoja aliniletea rimoti yake, akataka nimwondolee vitufe vyote nimwachie vitatu anavyovitumia. Nikaifungua nikiwa namsikitikia. Katikati ya kazi nikaona wa kusikitikiwa ni mimi.

Basi nimeiacha programu. Nimechukua maneno yako yenyewe, na mkwaruzo wake, nikayaweka kwenye kisanduku chenye vitufe sita vya mpira. Hakina kioo, hakina intaneti, hakina neno la siri, kinatumia betri za tochi. Ukihesabu kutoka kushoto: "Bibie," ambayo nimeikata kwenye "bibie kaninunia." Halafu "Haya." Halafu "Ngoja kwanza." Halafu "Nani kasema?" Halafu "Nimechoka mimi." Cha mwisho unacheka, kicheko kinaishia kwenye kikohozi.

Najua ni kidogo. Habari za mchwa huwezi kumpa kwa hicho. Naona aibu kukutumia kitu kama hiki baada ya tableti, lakini sina kingine. Nijibu, hata kama begi limeshaondoka.

Binti yako


26 Agosti

Binti yangu,

Hujambo, na miguu haijambo? Sisi tupo. Nasema sisi.

Kisanduku kilifika wiki ile ile aliyokuwa anakuja mama yako mkubwa. Mama yako alikuwa kitandani anakunja nguo kwa kupapasa, amenipa mgongo. Sikumwambia kitu, ningemwambiaje? Nikabonyeza kitufe cha kwanza. "Bibie."

Hakushtuka. Aliendelea kukunja, akasema "Nini?" bila kugeuka, kama alivyoniitikia miaka yote. Kisha mikono ikasimama juu ya nguo. Mimi sikubonyeza kingine. Baadaye akasema polepole, "Rudia." Nikarudia, akataka tena, nikarudia, mpaka mwenyewe akaniambia basi, nisimalize betri.

Mama yako mkubwa alikuja na gari, akanywa chai, akaondoka peke yake, amekasirika kidogo kwa kupotezewa safari. Begi limerudi juu ya kabati. Nimelipandisha mimi, na nimeambiwa nimeliweka vibaya.

Unasema maneno ni machache. Nimelifikiria hilo, na naona ndani ya nyumba hii sikuwahi kusema mengi kuliko hayo. Mengi alikuwa anayasema yeye. Habari za mchwa nilimshika mkono nikampeleka mlangoni, akaugusa ubao ulivyolainika, akasema alijua siku nyingi.

Ila nina lalamiko, ulipeleke kiwandani. Juzi alikuwa ananisimulia habari ya jirani na bomba lake, habari ndefu, na mimi nimeinamia gazeti. Aliponyamaza nikabonyeza "Haya." Akasema, "Usinijibu haya na hujasikia hata nusu." Na kweli sikuwa nimesikia. Nikataka kujitetea, nikabonyeza "Nimechoka mimi." Akasema, "Umechoka na nini, na anayeongea ni mimi?"

Tangu juzi hiyo hasemi na mimi. Ananipitia na kikombe chake kana kwamba mimi ni kiti. Nimekaa hapa karibu yake nikikuandikia, na sijafurahi hivi tangu nitoke hospitali. Bibie kaninunia.

Baba yako