Kikohozi Yenye Ulikuwa Unakata

Kaka Dieudonné,

Kila asubuhi Mama ananiuliza kama sauti yako imepatikana. Tangu tulikuzika, chumba yako ya kurekodia hapa Mweso iko vile uliiacha, na magodoro ya kuzuia kelele kwenye ukuta. Lakini ordinateri, ile kompyuta yako, iligoma, virusi zilikula sisteme yote. Nililia mbele ya ile mashini sawa na mujinga, maana wimbo yenye uliimba na korali ilikuwa mule, na Mama anataka kuisikia siku ya kumaliza kilio.

Furaha, ule wa korali, alileta kle USB yenye Linux, sisteme ingine ya kufanyia muziki, na mashini ikawaka; wimbo yako ilikuwa bado mule. Kaka, ungecheka! Hakuna kitu iko pahali yake. Kabla usikie sauti, ni wewe mwenyewe unavuta kamba za kuchorwa kwenye ekran ya mashini: itoke kwenye wimbo, iende kwenye kaske ya masikio. Nilivuta, nikavuta, kimya tu. Ulikuwa unaniambia: "Neema, polepole, mashini haipende haraka." Nilikutukana, kaka. Kwa nini ulikufa mbele ya kunifundisha?

Kisha sauti ikatoka. Yesu wangu!

Ile kazi yote ulikuwa umepanga, programu mupya ilikataa kuifungua. Ilinipa tu sauti mbichi, vile mikro iliikamata, kabla ukate kitu. Njo pale nilisikia kikohozi. Kwa kila ubeti. Unaimba, unakohoa, unatafuta pumzi, unasema chini chini: "Hii nitakata, Mama asisikie."

Kumbe ulikuwa mugonjwa tangu wakati ule! Na sisi ulituambia ni vumbi ya barabara ya Kitshanga. Ulitufanyia vibaya, kaka. Hospitali iko hapa hapa, ni kwenda kwa miguu tu. Ningekubeba hata kwa mugongo.

Nilianza kukata, sababu njo vile ulitaka. Mama akaingia na bidon ya maziwa, akakusikia. Alikaa chini, hakulia hata kidogo. Akasema: "Acha. Alikohoa peke yake ya kutosha. Sasa akohoe na mimi niko hapa."

Kaka, nikarudisha yote nilikuwa nimekata.

Basi korali itaimba juu ya sauti yako, vile iko. Lala, mutoto wa mama yangu. Mungu akupokee. Nakuahidi sitakata kitu, na wakati utakohoa, mukono ya Mama itakuwa ndani ya yangu.

Dada yako,
Neema