Vipande Viwili vya Kushoto

Jumatatu, 2 Juni

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la vipimo, maana nisipoandika nitapasuka. Leo daktari wa macho amenipa jibu. Jicho la kushoto limekwenda. Mshipa umekufa — hakuna dawa, hakuna miwani, hakuna upasuaji. La kulia ni zima kabisa, anasema, kana kwamba ananipa zawadi! Nikamwuliza amesomea wapi. Akaendelea kuandika. Nikainuka kwa hasira nishike kitasa cha mlango, nikashika hewa. Mara mbili. Ikabidi aje kunifungulia yeye mwenyewe.

Mimi ni mkataji. Miaka ishirini na moja nakata, wifi yangu, mke wa kaka, anashona. Chumba kimoja, cherehani mbili, meza moja ndefu. Mkataji wa jicho moja ni mkataji gani? Simwambii mtu.

Jumatano, 4 Juni

Nimemimina chai mezani. Si kwamba ilimwagika — niliimimina, taratibu, kwa adabu zote, pembeni ya kikombe. Wifi alicheka mpaka akashikilia cherehani. Akauliza tangu lini meza yetu inakunywa chai. Nikasema nina mawazo, na juu ya hayo nikamfokea.

Halafu uzi. Sindano ile ile ya kila siku, nimejaribu mara kumi na moja. Nikaitupa. Kisha nikapiga magoti kuitafuta, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo moja iliyobaki. Akili zangu hizi!

Ijumaa, 6 Juni

Mwalimu Mkuu wa shule iliyo nyuma yetu anastaafu mwisho wa mwezi. Ameleta kitambaa cha koti la siku ya kuagwa. Kijani kibichi, kizito, uso unang'aa, mgongo umefifia. Marehemu mumewe alimnunulia, kikakaa sandukuni miaka tisa. Anasema hakuna kingine, ameshaulizia.

Na ni kifupi. Hakikunjiki nikakata pande zote mbili kwa mkupuo mmoja. Lazima nikitandaze, nikate kipande cha mbele cha kushoto, nigeuze karatasi ya kukatia, ile yenye umbo la kipande, kisha nikate cha kulia. Ningeweza kukataa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, acha hapa, Mwalimu, usiwe na wasiwasi.

Jumanne, 10 Juni

Mungu wangu. Mungu wangu!

Niliweka chaki mezani, nikageuka, haipo. Wifi akasema hajaigusa. Nikamwambia ana mikono isiyotulia na mdomo usiotulia, na kaka yangu sijui alimpendea nini. Yote hayo kwa ajili ya chaki! Ilikuwa pale pale, upande wangu wa kushoto. Sikuomba radhi. Nikashika mkasi huku bado nabwata, nikakata, nikakata. Nilipoviinua vipande viwili vya mbele na kuvipanga kifuani kwa sanamu ya kupimia nguo — vyote vya kushoto. Na kimoja nikikigeuza, mgongo uliofifia ndio unaokaa nje.

Sikugeuza karatasi. Hata anayejifunza wiki ya kwanza hugeuza karatasi!

Jumatano, 11 Juni

Sikwenda kazini. Nimelala natazama ukuta.

Alhamisi, 12 Juni

Wifi amekuja na mkate na vile vipande kwenye mfuko. Nilidhani anakuja kudai radhi yake. Akakaa kitandani, akaanza kuula mkate yeye mwenyewe. Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yote: jicho, daktari, kitasa. Nililia kama mtoto.

Akasema alijua tangu siku ya chai. Alikuwa anangoja nimwambie.

Nikasema basi ndiyo hivyo, jicho limeniharibia kazi. Akatoa vile vipande, akavitandaza kwenye shuka. Nitazame ukingo, anasema. Umenyooka? Nikasema umenyooka. Hata nywele moja haikuvuka mstari. Akasema, basi jicho halikukosea hapa, wifi. Karatasi hugeuzwa na mkono, na mkono wako ulikuwa unanigombeza mimi.

Nikamfukuza! Alipofika mlangoni nikamwita arudi. Nikamwomba radhi, ya chaki na ya kaka.

Usingizi haukuja upesi. Kumbe nimekuwa nikigombana na jicho ambalo halirudi, na hasira niliyonayo mimi mwenyewe naiacha inakata nguo za watu.

Jumapili, 15 Juni

Tumefanya mazoezi, mimi na wifi, jikoni kwake. Kidole kwanza kwenye ukingo wa kikombe, kisha birika. Vikombe sita, tone moja tu nje. Wifi akajifunga jicho kwa skafu ajaribu na yeye, akajimwagia maji mapajani. Ha! Afadhali hayakuwa ya moto. Nimecheka mpaka mbavu zikauma, mara ya kwanza tangu nimwone yule daktari.

Kisha nikakata magazeti. Napapasa mstari kwa kidole, ndipo mkasi unafuata. Polepole mno. Lakini unafuata.

Jicho halirudi. Nimelisema hilo kwa sauti, peke yangu, mbele ya kioo. Sikufa.

Jumanne, 17 Juni

Nimemwita Mwalimu, nikamwonyesha. Sikusingizia kitambaa wala jicho. Nikasema nilikata kwa hasira. Jicho nalo nikamweleza, ajue anamwachia nani kitambaa chake.

Alivishika vipande, akavilinganisha kimoja juu ya kingine. Macho yakamlenga machozi, nikatamani sakafu inimeze. Kisha akauliza, kama anavyowauliza watoto: tumebaki na nini?

Nikamwambia. Kile kilichokosewa, pamoja na mabaki, vinatoa kipande cha mbele cha kulia, lakini cha kuunga, mshono ukipita kifuani. Na ili pande zifanane, lazima nikikate na cha kushoto, kile kizima, pale pale, nacho kiungwe. Nikikosea tena, hakuna koti.

Akauliza nani atakata. Wifi akanitazama. Nikasema, mimi.

Mwalimu akasema basi atakuja Jumamosi kutazama. Kutazama! Kana kwamba ni mtihani.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi nimekata vile vipande vya upande wa kulia. Nimegusa, nimekata, nimegusa. Wifi ameviunga, mshono umelala vizuri, kama ulipangwa tangu mwanzo. Sasa zamu ya kile kizima.

Mwalimu amefika, amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Nimemmiminia chai mwenyewe, kidole kwenye ukingo. Hata tone! Wifi ametazama meza, akasema leo itakufa kwa kiu.

Kitambaa kimetandazwa, uso juu. Chaki haionekani. Sikumwuliza mtu. Nimegeuza kichwa upande wa kushoto — hii hapa.

Wifi anauliza naandika nini wakati mkasi unangoja. Angoje kidogo, na mkasi nao ungoje. Nangoja mkono utulie. Karatasi nimeshaigeuza, imerudi upande wa kushoto. Naipapasa mara ya pili, kona kwa kona, na sasa naweka kalamu chini, nashika mkasi.