Resori za Pikipiki ya Tata

Dilala, Kolwezi

Kwako ndugu yangu Nuru,

Salamu nyingi, wewe na bwana yako na batoto. Baridi ya Lubumbashi ikoje? Kikohozi cha yule mudogo kimekwisha? Sisi huku tuko wazima. Mama anakula vizuri na anatukana vizuri. Mi tu ndiye mugonjwa, mugongo pamoja na roho.

Unakumbuka pikipiki ya marehemu baba yetu, Tata, ile ya zamani yenye resori mbili nyuma, zile springi zinazomeza mashimo. Kolwezi nzima hakuna mutu anayeiendesha kama mi. Nilikuwa napeleka kikombe cha chai kimejaa, toka hapa mpaka Musonoi, bila tone kumwagika. Siku moja nilikanyaga shimo, resori zikashuka mpaka mwisho, zikanirusha juu, na kabla sijarudi kwenye kiti niliona mapaa ya Zambia. Batu ba Musonoi ni mashahidi.

Basi juma lililopita nilipanda kama kawaida. Shimo la kwanza, meno yakagongana. La pili, nikauma ulimi. Nikashuka, nikainama. Nuru, uchafu gani ule! Resori hakuna. Mahali pake, bipande bya bomba bimekatwa ovyo, bimepakwa grisi inayonuka kama samaki wa jana. Ni mambo ya hawa batoto ba taxi-moto, banaobeba batu na mizigo kwa pikipiki: banatoa resori, banaweka bomba, ili pikipiki isilale chini ya magunia ya mawe ya mugodi. Banaita kufunga mugongo. Pikipiki ya Tata, kufungwa mugongo! Nilitema mate mpaka koo likakauka.

Nikaenda Manika kwa fundi Stany, anayezifunga pikipiki zao, nikamwambia mikono yake inanuka, hata mbuzi hawezi kukubali kupakiwa juu ya kazi kama ile. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, tata Djafari, tukana polepole, aliyeniita ni mama yako. Kumbe mi nilipokuwa musikitini, Mama alisimama pale uani kwetu mpaka Stany akamaliza kazi, akaingia ndani na resori zimefungwa ndani ya kitenge.

Nikarudi nyumbani kumuuliza. Mama hakukana. Akaniuliza ni nani ananikalia nyuma kila Ijumaa, amejipaka mafuta mpaka shingoni. Akasema amesikia huyo mwanamuke anasinzia njiani kwa ulaini wa resori zake yeye Mama. Zake, Nuru! Ndipo akanieleza kitu nisichojua: pikipiki ilikuja na resori ngumu. Mimba mbili zilimtoka barabarani. Ilipokuja mimba ya mi, Tata alizunguka mpaka akapata zile laini. Ile nafasi ya nyuma, akasema Mama, ni yake.

Mi niliyeona Zambia, hilo la nyumbani sikuliona.

Sasa ujue. Mwanamuke ni Bilkisi, mujane anayeuza mikate Musonoi, na nataka kumuoa. Mama hakatai. Anasema tu resori za Tata zitabaki chini ya kitanda chake. Nikitaka muke, nimtafutie resori za kwake.

Kwa hiyo zunguka kwa bauza byuma bya zamani huko. Zibonyeze kwa mukono. Zikikataa kushuka, ziache. Na ufanye haraka, ndugu yangu. Nazitaka laini kama zile za Tata, na kwa sababu ileile iliyomuzungusha Tata. Mama bado hajui.

Pokea salamu za Mama. Batoto uwaambie mjomba wao anawakumbuka, na chai bado haijamwagika.

Ni mi yaya yako, kaka mukubwa,
Djafari