Mtihani wa Fundi Sifaeli

Daraja Mbili, Arusha
3 Machi 2024

Mwanangu Eunike,

Huku tu wazima. Mama yako anapalilia migomba huku akiyalaumu magoti yake. Natumaini Dodoma haijakukausha.

Nimesoma mwongozo mpya wa idara yenu, mara mbili. Karakana itaruhusiwa kufundisha vijana iwapo tu fundi mkuu amefaulu mtihani wa maandishi. Wa maandishi! Nimechomelea vyuma miaka thelathini na moja. Nusu ya mageti ya Kijenge yametoka mikononi mwangu. Serikali inalia vijana hawana kazi, kisha inafunga mlango pale pale kazi inapofundishwa. Hayo mnayaita mageuzi? Mimi nayaita dharau iliyopigwa mhuri.

Nina wanafunzi wanne. Nusura yuko mwaka wa nne, na kiwanda kimoja cha Kisongo kitamwajiri akipata cheti. Karakana ikifutwa, wale watatu waliobaki wataenda wapi? Nijibu wewe, si idara.

Baba yako,
Sifaeli Sumari


Dodoma
19 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, ila barua yako ilininyima hamu ya kula. Sehemu ile ya mwongozo niliiandika mimi.

Nilitaka kuzibana karakana zinazowafagilisha vijana miaka mitatu bila kuwafundisha kitu. Unazijua; wewe ndiye ulinionyesha. Lakini mtihani wa kalamu ni kosa langu, na nimelikiri mbele ya mkurugenzi. Akaniuliza, "Unatetea mafundi au unamtetea baba yako?" Nikamwambia, "Yote mawili."

Kuanzia Juni mtihani utakuwa wa mikono. Fundi atachomelea mbele ya mtahini. Tafadhali baba, jiandikishe.

Mwanao,
Eunike


Daraja Mbili
5 Aprili 2024

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama amezifurahia kuliko dawa.

Umefanya jambo la maana. Nimejiandikisha pamoja na Nusura, maana mtihani huo ndio utakaompa cheti. Siku ya mtihani tunafunga kazi. Wanafunzi wote watakuja kutazama.

Baba yako


Dodoma
2 Julai 2024

Baba, shikamoo.

Mnaendeleaje? Wiki tatu hupokei simu, na mama ananiambia tu, "Muulize mwenyewe."

Majina ya waliofaulu yametoka. La Nusura nimeliona. Lako silioni. Kama umeonewa niambie, nikukatie rufaa leo hii.

Mwanao,
Eunike


Daraja Mbili
14 Julai 2024

Mwanangu Eunike,

Tunaamka, tunakula, tunakwenda kanisani. Nisamehe ukimya.

Sikuonewa. Mtahini, Solomoni, ni kijana mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo kabla ya kuniangusha. Alinipa vipande viwili vya chuma niviunge. Cheche niliziona, lakini mshono, pale vyuma vinapoungana, macho yangu hayakuuona. Akagonga nyundo mara moja, vikaachana.

Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama pale. Hakuna aliyeshtuka. Hapo nikaelewa kwamba wanajua. Tangu mwaka juzi, kila nikienda kula, Nusura amekuwa akirudia mishono yangu. Hakunitamkia hata siku moja, maana kwetu mwanafunzi hamsahihishi fundi wake. Nami nikirudi nilisifu mkono wangu.

Usikate rufaa. Geti langu lingeweza kumwangukia mtoto wa mtu.

Juzi Nusura alikuja nyumbani na mama yake, Twahira. Akasema, "Fundi, karakana iandikwe kwa jina langu. Wale watatu wasirudi mitaani."

Nikamkaripia. "Na Kisongo? Unaacha mshahara kwa ajili ya kibanda changu? Una wazimu?"

"Sijaja kuomba ruhusa, fundi. Fomu nimeshajaza."

Mama yake akacheka. "Kiburi hiki hakukitoa kwangu, mzee. Amekitoa kwako."

Fomu yenyewe ninayo hapa. Inataka kila anayefanya kazi karakanani aandikwe. Kuna mstari wa fundi mkuu, Nusura ameujaza vizuri. Kuna mistari ya wanafunzi. Mimi si fundi tena kwa sheria yenu, na mwanafunzi siwezi kuwa katika umri huu. Nimekaa nayo siku mbili, na Nusura anaisubiri.

Niambie, mama, jina langu niliandike wapi?

Baba yako,
Sifaeli