Aliyeshika Kamba Yako

Kwa kaka yangu Mwinyi,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za Ukunda, nikutolee jambo ambalo hata mama hajalisikia: namwonea wivu rafiki yako Mutua. Alikuokoa, nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Unakumbuka kazi yetu ilivyokuwa? Mama na mimi tulishona makuti uani, wewe ukapanda kuezeka, na mshika ngazi wako nilikuwa mimi. Nilikanyaga kipago cha chini ngazi isiteleze, nawe ukinimwagia vumbi la makuti makuukuu kichwani na kunitania, "Bibi harusi huyo, kashavishwa shela!" Nilicheka, lakini macho yangu hayakutoka kwenye visigino vyako. Nikiona unga wa mchwa unadondoka, nilijua fito za hapo zimeliwa. Nilitaka kukuita ushuke. Lakini unanijua. Nimemaliza Kidato cha Nne bila kuinua mkono darasani.

Kisha ukapata kazi ya kuezeka mahoteli Diani, na kila ukipiga simu ni Mutua. Mutua hivi, Mutua vile, Mutua hataki mchezo na kamba. Nilikuwa nampa mama simu upesi.

Idd ukaja naye kubadilisha paa la nyumba. Nikaishika ngazi kama kawaida. Mama akasema, "Mwachie mwenzio, mwanangu, yeye mwanamume." Nikarudi kwenye makuti yangu.

"Kamba iko wapi?" Mutua akauliza, nawe umeshafika katikati ya ngazi.

"Kamba ya nini? Hapa kwa mama, si hotelini."

"Bro, ukianguka hapa utaumia vile vile. Shuka kwanza."

Bi Mwanakombo wa jirani akaangua kicheko. "Fundi mzima afungwe kama mbuzi wa Idd!"

Nilijua hutashuka. Ukashuka.

Hapo ndipo wivu uliponishika. Neno nililolimeza miaka yote, yeye alilisema mara moja tu, nawe ukamsikia. Akafunga kamba kwenye mnazi wa nyuma, akaipitisha juu ya paa, akakufunga kiunoni. Alasiri ufito ukakatika. Ukaporomoka hadi ukingoni, kamba ikakaza, miguu yako ikaning'inia mbele ya uso wangu. Mama akapiga yowe. Wewe ukasema, "Mbuzi yu mzima!" na watu wote wakacheka.

Mimi nilikimbilia nyuma ya choo. Walidhani nalia kwa hofu. Kweli nililia kwa hofu, kaka, lakini nililia pia kwa kuwa aliyekuzuia si mimi.

Sasa paa la jiko linavuja, na mama anasema utakuja peke yako, maana Mutua amekwenda kwao. Kwa hiyo kila asubuhi naenda kwenye mihogo na kujifunza kusema, "Kaka, shuka!" Siku za kwanza sauti haikufika hata kwa kuku. Jana mgema aliyekuwa juu ya mnazi akanijibu, "Nimekosa nini, binti?"

Njoo na kamba. Ukija bila kamba, utanisikia, na Bi Mwanakombo atanisikia. Ngazi ya jikoni nitaishika mwenyewe.

Mutua akirudi msalimie sana, umwambie tunamshukuru, maana ni kweli. Ila haya ya wivu yaishie kwako. Usimwambie yeye, wala mama, wala mtu yeyote.

Nduguyo mdogo,
mshika ngazi wako