Pua Yangu na Muscadet Yako

Dada Akinyi,

Ninaogopa. Nilitaka nianze na salamu za maana, lakini ukweli ndio huo. Na wewe ndiye mtu pekee ambaye ningemwambia.

Tangu tukuzike, pua yangu haifanyi kazi. Nilitoka makaburini na mafua, nikadhani ni kilio na baridi ya huku. Mafua yakaisha, harufu hazikurudi. Kahawa, sabuni, mkate unaoungua, sisikii kitu. Daktari anasema huenda zitarudi, huenda zisirudi. Aliyasema kwa upole, kama wanavyotangaza kwamba treni imechelewa.

Na sasa mimi ndiye ninayesimamia mvinyo pale mkahawani. Bosi amenipa nafasi yako kwa majaribio, eti wewe mwenyewe ulinisifu kwake. Umeniponza, ujue!

Wiki iliyopita niliwafungulia wageni chupa ya ile Muscadet yako, ule mvinyo mweupe. Nikamimina kidogo, nikainusa, nikaitikia kwa kichwa kama ulivyonifundisha, nikawaambia iko sawa. Haikuwa sawa. Kizibo kilikuwa kimeiharibu, na mzee mmoja akasema inanuka gazeti lililoloa. Bosi akainusa, akanitazama. "Mumbi, kweli hukuisikia?" Nikasema nilikuwa na haraka. Sasa Ijumaa anataka nionje mbele yake, glasi kwa glasi, kabla hatujafungua mlango. Nikishindwa, kazi imekwenda, na kibali changu cha kukaa nchi hii kimeshikiliwa na kazi hiyo hiyo.

Leo sina zamu, basi nimekaanga omena, dagaa wetu wa ziwani. Unakumbuka jikoni kwako Thamesmead? Dirisha wazi kwa ajili ya jirani, omena na nyanya kwenye sufuria, nawe ukanimiminia Muscadet kwenye kikombe cha chai. Nikacheka, maana kazini tunaiuza na chaza, na kome, na jibini la mbuzi. Ukanikemea. "Nyinyi watu wa waru, viazi kila siku, mnajua nini kuhusu samaki? Hii zabibu ilikuwa inamngoja omena tangu zamani, my dear." Ukaniambia zabibu yenyewe inaitwa melon de Bourgogne, na licha ya jina hilo haina undugu na tikiti lolote. Inalimwa karibu na mahali mto Loire unapoingia baharini. Hamira ikishamaliza kazi yake wanaiacha humo humo na mvinyo majira yote ya baridi, ndiyo inayoupa ule unene kidogo. Mimi nilikuwa nimezamisha pua kikombeni natafuta tufaha na maua. Ukaninyang'anya kikombe. "Wacha kutafuta maua. Hii haina kelele puani. Niambie mdomo unafanya nini."

Leo sufuria ilikuwa mbele ya uso wangu na sikusikia harufu. Omena, Dada! Omena! Nililia nikiwa nimeshika mwiko.

Kisha nikanywa. Ule ukali wa limau ukanikamata pembeni mwa ulimi, mate yakajaa. Chumvi kidogo. Vichomo vidogo vidogo kwenye ncha ya ulimi, halafu ule unene ulionionyesha. Nikatafuna omena, nikanywa tena, na mafuta yote yakasafishika mdomoni. Nimekuelewa leo, miezi mingi baada ya wewe kunieleza.

Lakini sijidanganyi. Mdomo hautaniambia kizibo kikiharibu chupa, si kwa uhakika. Kwa hiyo nakuahidi hivi: Ijumaa nitamwambia bosi ukweli kabla hajamimina glasi ya kwanza. Nitamwambia pua imekufa, ulimi uko hai, na kila chupa inuswe na mtu mwingine kabla sijaipeleka mezani. Anaweza kunifukuza. Hata hivyo nitamwambia.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniamsha usiku. Leso yako, ile uliyokuwa unajifunga kichwani ukipika, ninayo. Siku ya kwanza niliinusa nikakuta kitambaa tu. Nikainusa tena na tena. Halafu hofu ikanishika, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na kukaza fundo.

Lala salama, Dada yangu. Sitaufungua mfuko ule mpaka pua irudi. Naogopa nisije nikaimaliza harufu yako bila kuisikia.

Mumbi wako